Namba Iliyosimama Mwakitolyo

Ofisi yetu ya Kahama ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, na kwa miezi saba nilikaa humo peke yangu. Kabla ya hapo tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mwandishi wa programu kama mimi. Tulisoma chuo kimoja, yeye akinitangulia mwaka mmoja, na kwa miaka minne meza zetu zilitazamana. Kisha akapata kazi Dar es Salaam. Siku ya mwisho aliniuliza kama nitaihitaji feni yake, nikamwambia aiache, akaiacha. Tuliagana kama watu watakaoonana Jumatatu. Bosi wetu aliishi Mwanza, akija mara moja kwa mwezi, na nilipomuuliza lini ataleta mtu mwingine alisema, "Mbona kazi inaenda?"

Kweli ilikuwa inaenda. Tulitengeneza visanduku vya kulinda wachimbaji wadogo. Kisanduku kimoja ni cha chuma, ukubwa wa redio, kina skrini usoni na king'ora juu. Kinawekwa mdomoni mwa duara, ndiyo shimo la mchimbaji, na kutoka kwake unashuka waya mrefu wenye kipima maji. Maji yakipanda kupita alama, king'ora kinalia na vijana wanatoka. Ndani mna kompyuta ndogo yenye mfumo endeshi wa kawaida, umepunguzwa tu ili utoshe. Ile sehemu ya katikati kabisa ya mfumo, kiini, ambayo ndiyo inayogawa kumbukumbu na kuamua nani atumie nini na kwa zamu ipi, ndiyo niliyoijua mimi. Tuliandika kipande chetu kidogo kinachoingia ndani ya kiini na kuzungumza na kipima maji. Mwenzangu aliandika nusu, mimi nikaandika nusu.

Sikuwa na mtu wa kumweleza kazi hiyo. Mama yangu kijijini aliwaambia majirani kwamba natengeneza redio, na mimi nikamwacha aseme hivyo. Mwenye duka la vipuri aliamini nachapa barua za watu. Jioni nilikuwa nafunga mlango, napita sokoni, narudi kwenye chumba nilichopanga, na kuna siku nilikuwa nagundua wakati wa kulala kwamba sauti yangu tangu asubuhi nimeitumia kununua nyanya tu.

Masika ya mwaka huo mvua ilinyesha sana. Wiki ya tatu bosi akanipigia akiwa na haraka.

"Mwakitolyo kuna duara limejaa maji vijana wakiwa chini. Hawajafa, Mungu mkubwa. Mmoja kavunjika mkono akipanda. Mwenye duara anasema kisanduku hakikulia. Nenda kaangalie, halafu uniandikie ripoti."

Nilifika kesho yake kabla ya saa sita. Udongo ulikuwa mwekundu na mzito, unashika viatu. Mwenye duara alinipokea kwenye kibanda chake cha bati, akanipa kiti, na kiti kilikuwa kimoja tu. Kisha akamwita mama aliyekuwa akiangalia pampu na kisanduku.

Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mwembamba, kajifunga kitenge juu ya gauni, na miguuni amevaa buti za mpira zinazompwaya. Nilimwamkia, akaitikia, akabaki amesimama.

"Niambie ilivyokuwa, mama," nikasema.

"Mvua ilikuwa kubwa. Nilikuwa naangalia kile kisanduku, sikukaa mbali. Kilisema mita mbili na kidogo. Nikatazama pampu, nikarudi, kikasema hivyohivyo. Nikaona namba haichezi."

"Haichezi vipi?"

"Siku zote inacheza. Pampu ikitetema, namba inapanda kidogo, inashuka kidogo. Siku ile ilisimama tuli. Maji ya kweli hayatulii hivyo. Nikawa najiuliza niite mtu au vipi, mara nikasikia vijana wanapiga kelele huko chini. Ndiyo nikakizima kisanduku nikakiwasha tena. Kilipowaka kikalia. Lakini walishaanza kupanda."

Mwenye duara alicheka kwa pua. "Amekizima, amesema mwenyewe. Muulize alikichomoa kwenye umeme ili achaji simu za nani. Hapa watu wanampa simu awachajie, mimi nimemwona."

"Sijachaji simu mvua ikinyesha," mama akasema. Hakupandisha sauti. "Niliwahi kuchaji zamani. Siku ile sikuchaji."

Nilifungua kompyuta yangu, nikasoma faili la matukio lililokuwa ndani ya kisanduku. Lilikuwa na vipimo vya kila sekunde na kila kitufe kilichobonyezwa, kisha ghafla hakuna kitu kwa dakika thelathini na nane, kisha kisanduku kinawaka upya na king'ora kinalia. Hakukuwa na ujumbe wa kosa hata mmoja. Kipima maji kilikuwa kizima, waya mzima, umeme mzima. Nilikaa pale saa mbili nikikijaribu kisanduku kwa kila njia niliyoijua, na kilifanya kazi vizuri bila hitilafu yoyote.

Ripoti niliiandika siku ileile. Naikumbuka sentensi yake ya mwisho: kwamba hakuna hitilafu iliyoonekana, na pengo lililomo linalingana na kisanduku kuzimwa na mtu. Maneno ya namba kutocheza sikuyaandika. Sikuyaona kama ushahidi. Kwangu yalikuwa maneno ya mtu anayejitetea.

Bosi alifurahi. Mwenye duara alimfukuza yule mama wiki hiyohiyo.

Miezi miwili ikapita. Jumapili moja nilikuwa ofisini, mchana, kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Kanisa la jirani walikuwa na sherehe ya kwaya, maduka yote ya mtaa yamefungwa, na joto la Kahama lilikuwa limelala juu ya bati. Nilikuwa naandaa toleo jipya la programu. Ndani ya kiini kuna kikaguzi ambacho mtu anaweza kukiwasha, kazi yake ni kuangalia jinsi makufuli yanavyofungwa. Sisi hatukuwahi kukiwasha kwenye visanduku vyetu kwa sababu kinakula kumbukumbu na kinapunguza kasi. Mara nyingi mwenzangu alikuwa akisema, "Tukiwashe siku moja," nami nikimjibu, "Tutakiwasha baadaye." Jumapili ile nilikiwasha, labda kwa sababu nilikuwa na mchana mrefu.

Hakikumaliza dakika mbili. Kilitoa onyo refu lililojaza skrini.

Makufuli ninayoyasema hayana funguo wala chuma. Ndani ya kompyuta kazi nyingi zinakwenda kwa pamoja, na kazi mbili zikigusa kitu kimoja kwa wakati mmoja zinakiharibu. Kwa hiyo kila kitu cha kushirikiana kina kufuli. Inayotangulia inafunga, inafanya shughuli yake, inafungua, na nyingine inangoja. Ikibidi kazi moja ifunge makufuli mawili, lazima wote wakubaliane lipi linafungwa kwanza. Waandishi wa kiini wanalijua hilo kuliko sala. Kwenye sehemu ya kumbukumbu kuna faili ambalo mwanzoni mwake wameorodhesha makufuli yote kwa mpangilio wake, lipi nje, lipi ndani yake, lipi ndani zaidi, ili asitokee mtu akafunga kinyume.

Sisi tulikuwa na makufuli mawili. Moja lilikuwa letu, la vipimo vya maji. Jingine ni la kiini chenyewe, linalinda ramani ya kumbukumbu ya kila programu, yaani kipi kimewekwa wapi. Nusu aliyoandika mwenzangu ilikuwa ya kusoma vipimo: inafunga kufuli letu, inanakili kipimo kwenda kwenye kumbukumbu ya programu inayopiga king'ora. Mara nyingi inanakili tu, basi. Lakini nafasi ikibana, kiini huondoa vipande vya kumbukumbu kwa muda, na kunakili kwenda kwenye kipande ambacho hakipo kunakilazimu kiini kukirudisha, na ili kukirudisha lazima kishike kufuli la ramani. Nusu yangu mimi ilikuwa ya kuchora mchoro kwenye skrini. Mtu akibonyeza kitufe cha kuona maji yalivyopanda tangu asubuhi, kiini kinafunga kufuli la ramani, kinaniita mimi, na mimi nafunga kufuli la vipimo.

Yeye alifunga la vipimo, akataka la ramani. Mimi niliingia na la ramani, nikataka la vipimo. Mambo hayo mawili yakikutana ndani ya chembe ileile ya sekunde, kila upande unashika moja na kungoja la mwenzake, na hakuna atakayeachia. Hakiandikwi kitu kwenye faili, kwa sababu anayeandika naye amekwama. King'ora hakilii. Skrini inabaki na namba ya mwisho.

Nilisoma onyo lile mara tatu. Kisha nikachukua kisanduku kimoja kipya kutoka kwenye rafu, nikakipunguzia kumbukumbu, nikatumbukiza kipima maji chake kwenye ndoo, nikaweka programu ndogo inayobonyeza kitufe cha mchoro tena na tena. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake. Namba ilikuwa inacheza: mita sifuri nukta tatu moja, tatu mbili, tatu moja. Kwaya ilikuwa inaimba ng'ambo ya ukuta. Nilikaa hivyo kama saa moja na nusu.

Halafu namba ikasimama.

Nikaitazama. Nikamimina maji kwenye ndoo mpaka yakamwagika sakafuni, nayo ikabaki tatu moja. Yule mama alinieleza hasa nilichokuwa nakiona, kwa maneno machache, akiwa amesimama mbele yangu, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti.

Nilimpigia mwenzangu. Hatukuwa tumeongea tangu aondoke, isipokuwa salamu za sikukuu. Nyuma yake nilisikia watoto na sahani.

"Kuna mkwamo kwenye kipande chetu," nikamwambia. "Kufuli la vipimo na la ramani. Tunayafunga kinyume."

Namjua, alikuwa anausoma msimbo wake kichwani. "Nusu yangu iko sawa," akasema.

"Hata yangu iko sawa. Zikiwa pamoja ndiyo haziko sawa."

"Ngoja." Nikasikia mlango ukifungwa, sauti za watoto zikapotea. "Kwenye nusu yangu, usinakili ukiwa umefunga kufuli. Nakili kwanza kwenye nafasi ya muda ndani ya kiini, fungua kufuli, ndiyo uipe programu ya king'ora. Mistari sita."

"Nimeshaiandika."

"Basi umemaliza." Akacheka kidogo. "Ningekuwepo tungeiona zamani."

Nikamweleza kuhusu Mwakitolyo, kijana aliyevunjika mkono, ripoti yangu, na mama aliyefukuzwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Rekebisha, tuma toleo jipya kwenye visanduku vyote," akasema. "Ukianza kuzunguka kuomba radhi, bosi atapoteza wateja na wewe utapoteza kazi. Uko na nani huko siku hizi?"

"Niko peke yangu."

"Bado hajaleta mtu?"

"Bado."

"Pole," akasema, na nadhani alimaanisha. Kisha mtoto akamwita, tukaagana.

Bosi alisema maneno hayohayo, kwa ukali zaidi. Toleo jipya lilikwenda kwenye visanduku vyote wiki hiyo, bila maelezo. Nilingoja siku nne nione kama moyo utatulia. Haukutulia. Siku ya tano nilifunga ofisi nikaenda kumtafuta.

Mwakitolyo waliniambia amehamia Rwamgasa kwa dada yake. Niliunga safari mpaka Katoro, nikalala nyumba ya wageni, asubuhi nikachukua bodaboda. Nilimkuta nyuma ya karasha, pale mashine zinaposaga mawe ya dhahabu, katika safu ya akina mama waliokaa chini wakiponda mawe kwa nyundo. Kila mmoja alikuwa na pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi, anaizungusha kwenye jiwe ili vipande visiruke machoni. Vumbi lilikuwa limewafanya wote wafanane. Nilimtambua kwa zile buti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama, akarudisha macho kwenye jiwe. "Wewe ni yule fundi wa kisanduku."

"Ndiyo mimi."

"Umekuja kununua mawe?"

"Nimekuja kwako."

Aliponda mawili matatu. Nikakaa chini, kwenye gunia lililokuwa pembeni, sketi yangu ikajaa unga wa mawe. Sikujua niseme kwa namna gani, nikasema moja kwa moja.

"Siku ile kisanduku kilisimama. Hukukichomoa. Kosa lilikuwa letu, mimi na mwenzangu, ndani ya programu. Nimelikuta mwezi huu."

"Kilisimama," akasema.

"Kilisimama."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Nilikwambia namba haichezi. Uliandika?"

"Sikuandika."

Akatikisa kichwa, siyo kwa hasira, kama mtu aliyeulizia bei na kuambiwa ileile aliyoitarajia. Mama aliyekaa jirani yake aliacha kuponda ili asikie vizuri.

"Kilisimamaje?" akauliza. "Kwa sababu mimi nilikiwasha kikafanya kazi."

Nikamweleza. Nilisema kuna kazi mbili ndani yake zinazotumia vyumba viwili vyenye kufuli, moja imeingia chumba hiki inataka na kile, nyingine imeingia kile inataka na hiki. Sikupamba. Alielewa upesi kuliko bosi wangu.

"Sasa aliyekosea ni yupi, wewe au mwenzako?"

"Kila mmoja kwake alikuwa sawa. Tulitakiwa tukubaliane kwanza kipi kinafungwa mwanzo."

"Na mlikuwa ofisi moja."

"Chumba kimoja."

"Kwa nini basi kilisimama kwangu? Maduara mengine wanavyo, havikusimama."

Hilo ndilo swali nililoliogopa njia nzima. Ningeweza kusema ni bahati mbaya, na nusu yake ingekuwa kweli.

"Ni kile kitufe cha mchoro," nikasema. "Cha kuona maji yalivyopanda tangu asubuhi. Mtu akikibonyeza, ndipo makufuli yanaweza kukutana. Wengine hawakibonyezi. Wewe siku ile ulikibonyeza mara nyingi. Nimeona kwenye faili."

Nyundo ikatulia mkononi mwake.

"Mvua ilikuwa kubwa," akasema. "Nilitaka kuona yanapanda haraka kiasi gani."

"Najua."

"Kwa hiyo ningekaa tu, nisikiangalie, kingelia."

Nilitamani kusema neno jingine. "Kingelia," nikasema.

Hakulia, wala hakunitukana. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya maneno usiniletee mimi. Mimi sikuwa na shaka. Kayaseme Mwakitolyo, wale vijana wakiwepo. Na kuna mama nilipakana naye nyumba. Aliyevunjika mkono ni mwanae. Toka siku ile mpaka naondoka haitikii salamu yangu. Nampita kisimani, nasema mwangaluka, anainamisha uso kwenye ndoo. Huyo ndiye uanze naye."

Nilimwomba namba ya simu, akanitajia taratibu nikiiandika. Nilipoinuka alisema, "Jikung'ute, umechafuka." Tayari alikuwa ameanza kuponda.

Jirani yake wa Mwakitolyo nilimkuta siku iliyofuata, asubuhi, akianika mihogo juu ya turubai. Alikuwa mama mzito, mwenye macho yasiyocheka. Nilimwamkia Kisukuma, akalegea kidogo kusikia mtu wa kwao. Nikamweleza yote, kuanzia namba iliyosimama hadi ripoti niliyoandika. Mwanae alitoka ndani akasikiliza akiwa ameegemea mlango. Ule mkono ulikuwa umeunga, ila haunyooki vizuri.

"Sisi tuliambiwa alichomoa," kijana akasema.

"Hakuchomoa."

"Tuliambiwa fundi kaandika."

"Fundi ni mimi. Niliandika vibaya."

Mama yule alichukua muda akipanga vipande vya mihogo ambavyo vilikuwa vimepangika tayari. Kisha akafuta mikono kwenye kanga. "Namba yake unayo?"

Nikampa. Alipiga hapohapo, akiwa amesimama. Iliita sana. Ilipopokelewa, alisema, "Mwangaluka," na kutoka kwenye kile kisimu nikasikia salamu ikirudi. Kisha wakaendelea, habari za nyumbani, habari za dada, habari za mvua, za mbuzi aliyezaa, salamu ndefu kama watu wa kwetu wanavyosalimiana wakiwa hawana haraka, na hakuna hata mmoja aliyelitaja duara. Kisukuma nakijua chote. Nikaona siyo maneno ya kusikilizwa na mimi, nikatoka nje ya uzio.

Mwenye duara hakuwa na salamu ndefu. Nilisema mbele yake na mbele ya kijana mmoja tu kati ya waliokuwa chini siku ile, kwa sababu wengine walishahamia machimbo mengine. Alinisikiliza akipekua simu yake.

"Umechelewa," akasema. "Nimeshaweka mtu mwingine, na simfukuzi kwa ajili ya habari zako. Kisanduku chenu kichukue, kiko pale kwenye kona."

Kilikuwa kimefunikwa na gunia, waya wake umezungushwa ovyo. Nikakibeba. Kilikuwa kizito kuliko nilivyokuwa nakumbuka, na bodaboda alinitoza kama abiria wawili.

Bosi alikasirika, akanyamaza siku tatu, halafu akaanza tena kunitumia kazi. Hakunifukuza, nadhani kwa sababu hakukuwa na mwingine anayeujua msimbo ule. Niliandika ripoti mpya, yenye maneno ya yule mama jinsi alivyoyasema, nikaituma Mwanza. Sijui kama imesomwa. Mwenzangu nilimwandikia kwamba nimekwenda. Alijibu siku ya pili: "Ulifanya vizuri. Mimi nisingeweza." Baada ya hapo tumerudia salamu za sikukuu.

Yule mama hakurudi Mwakitolyo kuishi. Nimesikia kwa jirani yake kwamba alikuja siku mbili kwa ajili ya msiba, akafikia kwake, na kwamba Rwamgasa sasa ana fungu lake la mawe na anawalipa wengine wampondee. Mimi bado nipo kwenye vyumba vile viwili. Kila ninapomaliza kuandika kitu kinachogusa kiini nawasha kikaguzi, nakaa kukingoja, na kinaponyamaza saa nzima nasema kwa sauti, "Haya," ingawa hakuna anayesikia.

Jumapili mchana ndiyo mbaya zaidi. Namba ya yule mama ninayo kwenye simu. Nimefikiria mara kadhaa kumpigia nimsalimie tu, habari za asubuhi, habari za kazi. Halafu nawaza kwamba akiona ni mimi atadhani kuna kitu kingine nimekuta, nairudisha simu mezani.